Mstari Chini ya Neno Dawa

Wiki iliyopita alinipigia kijana mmoja wa Njombe mjini. Ana tovuti yake ya habari. Alinisalimia vizuri, shikamoo mama, za kustaafu, kisha akaniuliza: katika kampuni zote za matangazo ya kwenye maneno ulizowahi kuzijaribu, ipi inalipa vizuri? Nikamuuliza kama amekwishasoma masharti yao. Akacheka. Akasema, mama, masharti yale nani anayasoma, ni marefu mno. Nikakata simu. Najua si adabu ya mtu mzima, lakini nilikata, nikaenda kupalilia kabichi zangu mpaka hasira ikapungua, na haikupungua sana. Ndiyo maana naandika. Yeye na wenzake wenye tovuti wasome hapa, maana mimi nilijifunza kazi hii kwa kumponza mama mmoja wa milima ya Tandala, ambaye kwa sababu yangu alikaribia kukosa pa kukaa mbele ya majirani zake.

Kwa ambaye hajakutana nayo, niseme ni matangazo gani haya. Una tovuti, umeandika habari yako. Kampuni inakupa kipande cha maandishi ya kompyuta, unakibandika kwenye kurasa zako. Kuanzia hapo mashine yao inasoma kila unachoandika, inachagua maneno, inayapigia mstari. Msomaji akiligusa neno, kinafumuka kisanduku chenye tangazo. Akigusa tena, anapelekwa dukani kwa mtu. Hakuna bango pembeni wala picha juu ya ukurasa. Tangazo limeingia ndani ya sentensi yako wewe, limevaa neno lako, na wewe unapata chochote kila linapoguswa.

Yetu ilikuwa tovuti ndogo, chumba kimoja pale Lyamkena, Makambako, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Tuliandika bei za viazi, mbao, mahindi na parachichi. Tuliandika vifo, mabasi yaliyobadilisha muda, na hali ya barabara ya Makete mvua zinapochachamaa. Mwezi wa saba tulifanya kazi na jiko la mkaa chini ya meza, mlango tumeuacha wazi kidogo tusije tukafa kwa moshi, vidole vikigoma kuandika. Lakini tulisomwa. Kulikuwa na wakulima ambao hawakukubali kuuza gunia mpaka waone tumeandika nini.

Kusomwa huko hakukutokana na ujanja wangu. Kulitokana na Mzee Kilasi, aliyenifundisha kazi. Kabla ya tovuti, kabla hata ya simu za mkononi, mzee huyo alikuwa na ubao mweusi sokoni Makambako, akiandika bei kwa chaki kila asubuhi, nami nikiwa karani wake. Bei nyingi aliambiwa na madereva na madalali. Nyingine alizifuata mwenyewe hadi kwenye lori, akasimama pale mpaka mnunuzi na muuzaji wakubaliane mbele yake. Bei hizo alizozishuhudia alizipigia mstari chini. "Ukiambiwa, andika," alikuwa akisema. "Ukiona, piga mstari." Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu yote ya uandishi wa habari.

Siku moja ya mvua nilipigia mstari bei ya viazi niliyopewa na dalali, kwa sababu sikutaka kulowa. Mzee akaniuliza, gunia la kawaida au rumbesa? Sikujua. Hakunigombeza. Aliufuta mstari kwa kiganja, bei akaiacha, akanionyesha lori kwa kidevu. Nikaenda. Magunia yote yalikuwa rumbesa, yamejazwa kupita mdomo na kufungwa kwa kamba juu, kwa hiyo bei ile ilikuwa inamwibia mkulima mchana kweupe. Nilirudi chepechepe nikafuta na bei yenyewe.

Mzee alipofariki na sisi tukafungua tovuti, tulihama na mstari wake. Juu ya ukurasa wa kwanza tuliandika: kilichopigiwa mstari tumekiona kwa macho. Wasomaji wakauzoea. Niliwahi kuwasikia watu wawili wakibishana stendi kuhusu bei ya mahindi, mmoja akasema hiyo ina mstari, na ubishi ukaishia hapo. Sijisifu. Nataka tu mjue tulichokuwa nacho mikononi, ili mkisikia nilichokifanya nacho mnikasirikie sawasawa.

Tovuti haiendeshwi kwa upepo, hilo mnalijua. Ilipofika mahali pa kutafuta matangazo, nilianza na kampuni moja ya ng'ambo. Mashine yao haikujua Kiswahili hata salamu. Iliruka habari nzima ya bei za mbao bila kukamata neno, kisha ikafika kwenye tangazo la msiba wa familia moja ya karibu na misheni, watu wa sala na kilimo, waheshimiwa kabisa. Tulikuwa tumeandika kwamba babu yao ameanza safari yake ya mwisho. Neno safari mashine ikalijua. Ikalipigia mstari, na waombolezaji walipoligusa wakaonyeshwa simba akipiga mwayo, na hoteli ya mahema yenye bwawa la kuogelea. Mtoto mkubwa wa marehemu alinipigia simu. Alikuwa mpole, na upole wake ulinichoma kuliko matusi. Aliomba tu tumwondolee simba baba yake. Kampuni ile niliing'oa siku hiyo hiyo, na kwa miaka watu wa ofisini walilicheka jambo hilo. Nami nilicheka. Sikuona kwamba nimeonywa.

Kampuni ya pili ilijua Kiswahili, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Walimtuma wakala wao kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye viatu vilivyochongoka na shati jepesi, akashuka Makambako mwezi wa saba akitetemeka meno. Tulimvisha koti la mlinzi, tukampa chai ya tangawizi vikombe vitatu. Alieleza vizuri. Alisema wateja wao wananunua maneno, kila mmoja na neno lake: huyu mbegu, huyu shamba, huyu dawa. Neno likitokea kwenye habari yetu, mstari unatokea na tangazo la mwenyewe linafunguka. Nikamuuliza, hivi neno dawa linanunuliwaje, wakati mimi nimelitumia tangu nikiwa mtoto? Akacheka akasema, mama, mtandaoni kila kitu kina mwenyewe. Ningekuwa na akili ningemvua lile koti.

Badala yake nikampa sharti moja, nikajiona mjanja. Nilimwambia mstari wetu una maana yake, kwa hiyo wao watafute alama nyingine. Akakubali mara moja. Akasema watatumia mistari miwili ya kijani. Tukaibandika, nikakaa wiki mbili nikiipima kwenye kompyuta ya ofisini. Mistari miwili ya kijani, safi kabisa, mtoto wa darasa la kwanza angeitofautisha. Matangazo niliyoyaona yalikuwa ya sabuni, simu na vyuo. Nikaandika kwenye daftari: inafaa. Nilipima kwa kompyuta yenye skrini pana, mezani, karibu na jiko, habari ambazo watu walikuwa wanazisoma kwenye simu za bei nafuu, skrini zimepasuka, wamesimama kilimani wakitafuta mtandao. Kwenye simu zile mistari miwili myembamba ilishikana ikawa mmoja, na kijani kikawa cheusi. Mimi, niliyefundishwa kwenda kwenye lori kwenye mvua, sikuazima hata simu ya muuza mboga wa jirani nikaitazama. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mara hii aliyevunjika guu hakuwa mimi.

Sasa niwaambie kuhusu Mama Tweve. Analima viazi juu ya Tandala, kule ambako ukiendelea kupanda unaingia kwenye baridi ya Kitulo. Kwa miaka alikuwa akinipigia kila Jumamosi kunipa bei ya huko, na hakuwahi kunidanganya hata kwa shilingi. Alikuwa pia msomaji wa kikundi chao cha akina mama walima viazi. Wengi hawakuwa na simu za kupangusa, kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada walikutana kwa mwenyekiti wao, Mama Tweve akakaa mbele, akawasomea tovuti yetu kwa sauti, akiwafasiria Kikinga panapohitajika. Alipofika kwenye mstari alitamka: hii ina mstari.

Mvua za mwaka ule zilileta baka jani, ule ugonjwa unaoanza na madoa kwenye majani na kumaliza shamba zima. Niliandika habari yake mwenyewe. Nilieleza dalili, nikaeleza wakulima wamwite bwana shamba, wapulize dawa mapema, wainunue kwenye duka wanalolijua. Ilikuwa habari nzuri. Mashine ikapita juu yake ikalipigia mstari neno dawa.

Wiki chache baadaye Mama Tweve alikuja Lyamkena. Alikuwa amebadilisha magari mawili, tope limemfika magotini. Tulikuwa tunajuana kwa sauti tu, tukakumbatiana kama ndugu. Akafungua kitenge akatoa chupa ya plastiki yenye karatasi ya picha nzuri ya viazi, akaiweka mezani.

"Dada, hii dawa mliyoiona," akasema, "mliiona inafanya kazi kwenye udongo gani? Kwetu imekataa."

Sikuelewa. Nikamwambia mimi chupa ile siijui. Akatoa simu yake, akanionyesha ukurasa, habari yangu, jina langu juu. Neno dawa lilikuwa na mstari mmoja mweusi chini yake, sawasawa na mistari yetu. Akaligusa na chupa ile ile ikafumuka, na namba ya kuagizia.

"Sijaiona, mdogo wangu," nikasema. "Hilo ni tangazo."

"Lakini ina mstari."

Alisema polepole, kama mtu anayemsaidia mgonjwa kukumbuka. Alikuwa ametoka milimani kuja kuniuliza kuhusu udongo, kwa sababu halikumwingia kabisa wazo kwamba sisi tungeweza kupigia mstari kitu tusichokijua. Nilifungua kizibo nikanusa. Dawa ya baka jani ina harufu inayokwangua koo. Ile haikunuka kitu. Maji yaliyotiwa rangi. Kikundi kizima kilikuwa kimeagiza, chupa zikaja kwa basi, wakapuliza kwa mabomba yao ya mgongoni asubuhi na jioni, na mashamba yote yakawa meusi. Aliyewasomea ni yeye. Aliyesema hii ina mstari ni yeye.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mwizi hakuvunja mlango wa tovuti yetu, nilimkaribisha na kumpa chai. Nilimpigia wakala pale pale, Mama Tweve akisikia. Nataka kila kijana mwenye tovuti asikie majibu niliyopewa, maana mtayapata nanyi kwa maneno hayo hayo. Alisema, mama, sisi hatuuzi dawa, sisi tunaunganisha tu. Nikamuuliza nani amechagua kuweka chupa ile kwenye habari yangu. Akasema ni mfumo. Nikamwambia mfumo haukunywa chai yangu, uliyekunywa ni wewe. Akanishauri niandike chini ya ukurasa kwamba msomaji atajijua mwenyewe, eti ndivyo tovuti zote zinavyofanya. Nikamuuliza jina la mwenye chupa. Akasema hilo ni siri ya mteja. Siri! Mama Tweve jina lake, kijiji chake na namba yake ya simu walikuwa navyo, alivitoa alipoagiza. Mwizi ndiye mwenye siri. Mpaka leo nikilikumbuka jibu hilo hasira inanirudi, na sasa hivi nimelazimika kuweka kalamu chini.

Fundi wetu wa kompyuta aliing'oa kampuni ile kabla chai tuliyompa Mama Tweve haijapoa. Au tulidhani imeng'oka. Maneno kwenye habari za zamani yaliendelea kuota mistari kwa siku kadhaa, maana kipande chao kilikuwa kimejificha kwenye kurasa ambazo hatukuzikumbuka. Kwa hiyo ukipima kampuni, swali la kwanza liwe la kutoka, kabla ya kuingia: siku nikiwachoka, mnaondokaje, na nani anahakikisha mmeondoka? Wakala anayeshangaa swali hilo msindikize mpaka stendi. Kisha muulize ni maneno gani unaweza kuwakataza. Dawa, hospitali, marehemu, mkopo, ajira, yote hayo mtu mwenye shida huyagusa haraka bila kufikiri, na hayo ndiyo wanayoyauza ghali. Wakikuambia hayakataziki, umeshapata jibu. Azima simu mbovu kuliko zote mtaani kwenu, nenda mahali mtandao unapokatika, weka bando lako mwenyewe, gusa kila mstari kwa kidole kilichotoka shambani. Utaona kisanduku kinavyoziba habari, na alama ya kufungia ilivyo ndogo kiasi kwamba ukitaka kufunga unafungua. Hiyo si bahati mbaya, wameipima. Na tangazo lifuate mpaka mwisho wake, agiza kitu, ngoja kije, kinuse. Mtaniambia hamna muda. Wakulima wa viazi walikuwa na muda wa kupuliza maji ya rangi asubuhi na jioni.

Tuliandika ukweli kwenye ukurasa wa kwanza na jina langu. Wenzangu wengine ofisini hawakupenda, walisema tunajichongea kaburi, na kweli wasomaji wengi walituacha na hawakurudi. Lakini kwa Mama Tweve kuandika hakukutosha, kwa sababu msomaji wa kikundi alikuwa yeye, na kikundi kilikuwa kimekataa asiwasomee tena. Hawakumtukana. Jumapili walikutana kama kawaida, naye akaja kama kawaida, ila akawa anakaa nyuma, karibu na mlango, wanapowekwa wageni na wenye watoto wanaolia. Alinieleza hivyo siku ile ya chupa akiwa anaondoka, bila kulalamika. "Wewe utabaki huku Makambako, dada," akasema. "Mimi naishi na wale."

Jumapili iliyofuata nikapanda Tandala. Alinipitisha kwanza shambani kwake. Mashina yamelala, meusi, yanateleza, na harufu ya viazi vinavyooza ardhini huwa haitoki puani kwa siku nyingi. Tukaenda kwa mwenyekiti.

Walikuwa wamejaa sebuleni, kwenye mabenchi na magunia, vitenge mabegani, mvuke ukiwatoka mdomoni. Mama Tweve akaenda nyuma, mlangoni. Mimi nikabaki nimesimama katikati, nikawaeleza. Niliwaambia mstari ule hatukuupiga sisi, na kwamba kosa ni letu vilevile, kwa kuwa tuliruhusu mtu mwingine apige mistari kwenye ukurasa wetu. Niliwaambia Mama Tweve aliwasomea kilichokuwepo, kama alivyowasomea miaka yote, na kama kuna wa kukaa mlangoni si yeye. Walizungumza kidogo kwa Kikinga. Mimi ni Mbena, niliambulia nusu, na nusu hiyo ilinitosha.

Kisha mwenyekiti, mama mnene mwenye sauti ya chini, akaniuliza huyo mwenye chupa ni nani.

"Simjui," nikasema.

"Na hao waliomleta kwenu?"

"Nilimwona mtu wao mmoja. Siku moja."

"Kwa hiyo ulitupeleka kwa mtu usiyemjua."

Nilikuwa na mengi ya kujibu. Nilikuwa na daftari zima la vipimo, mistari miwili, kijani, wiki mbili. Nilikuwa na hasira zangu zote juu ya wakala na mfumo wake, hasira za haki, na nilikuja nazo tayari mdomoni. Mbele ya wale akina mama sikuona pa kuziweka.

"Ndiyo," nikasema.

Mwenyekiti aligeuka akatazama mlangoni, akamwita Mama Tweve kwa jina la mwanawe wa kwanza, akapigapiga benchi kando yake kwa kiganja. Mama Tweve akainuka, akapita kati ya magoti ya wenzake waliokuwa wakimpisha, akaja akakaa mbele. Mtu akampa uji. Wakaanza kuzungumza habari za mbegu za msimu unaokuja, mahali pa kuzipata na nani wa kwenda kuziona, na mimi nikaendelea kusimama pale katikati ya nyumba, maana hakuna aliyeniambia keti.